Jini la Chupa ya Saba

Nyie mliobaki kwenye kile chumba cha chupa mmenisumbua tangu siku mliyoniaga: Bibi, andika. Haya, naandika. Daftari hili ni la mjukuu wangu. Kurasa za mbele ana hesabu zake za kugawanya, amekosa zote, kwa hiyo mimi naanzia nyuma. Mshahara sitausema, mnaujua. Vyeo pia sisemi. Nilipandishwa mara moja kwa kukosewa jina, wakakirudisha cheo chao kabla sijakizoea.

Niliingia kituoni kwa sababu ya mwani. Miaka ya tisini wanawake wa pwani yetu tulikuwa tunalima mwani baharini. Maji yakitoka unachomeka vigingi mchangani, unafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, unaning'iniza vipande vya mwani kwenye kamba, halafu unarudi nyumbani na mgongo wa mtu mwingine. Siku moja likabandikwa tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: kituo kipya cha utafiti kinahitaji mtu anayejua mwani. Nikasema huyo ni mimi, wala msitafute.

Siku ya kwanza nilikwenda na kamba, vigingi na panga. Nikafunguliwa mlango na mwanamume mrefu mwenye koti jeupe. Huyo ndiye Bwana Anselmo, fundi wa maabara. Watu wake ni wa ng'ambo ya Ruvuma, na akishikwa na wasiwasi alikuwa anahesabu kwa Kireno. Aliliangalia panga langu akahesabu mpaka nne.

"Dona Somoe, hilo panga la nini?"

"La kuchonga vigingi. Shamba liko wapi?"

Akanipeleka kwenye kabati la kioo lenye taa ndefu, akanionyesha chupa ya maji ya kijani.

"Shamba ndilo hili."

"Huu ni ukoga," nikamwambia. "Huu mimi kwangu nausugua mtungini."

"Ni mwani, Dona. Mdogo mno, mmoja mmoja huuoni kwa jicho. Kila mmoja ana tone la mafuta tumboni. Tukipata mafuta mengi, gari litatembea."

"Na mnavunaje?"

"Hapo bado hatujajua vizuri."

Nilimhurumia. Mtu mzima, koti limepigwa pasi, analima ukoga na kuuvuna hajui. Nikaegesha panga ukutani, nikauliza vyombo vichafu viko wapi, nikaanza kuosha. Nimeosha hadi mwezi uliopita.

Sasa hapa nisikilizeni, maana wengine wenu mnaosha kama mnafukuzwa. Chupa ya maabara si sufuria ya ugali. Bwana Anselmo alinifundisha kupima usafi kwa maji yenyewe. Unaijaza chupa, unaimwaga. Maji yakiteremka ukutani pamoja kama shuka linalovutwa kitandani, chupa ni safi. Yakibaki vitone vitone kama jasho la puani, rudia. Wiki ya kwanza chupa zangu zote zilitoka jasho. Nilimwambia labda ni joto la Mtwara. Akasema joto haliingii kwenye chupa safi, na akanirudishia beseni zima.

Alikuwa na masharti yake. Unavua viatu mlangoni. Unanawa mpaka kwenye viwiko. Unafunga mdomo na pua. Huongei juu ya chupa iliyo wazi, maana mdomo wa binadamu, alisema, una wanyama wengi kuliko mbuga. Chupa ikifunguliwa, mdomo wake unapitishwa kwenye mwali wa taa ya spiriti, ikifungwa unapitishwa tena. Na sharti la mwisho, ambalo ndilo lililonifikisha kwenye haya ninayoyaandika: lebo haifutwi. Ukishaandika jina kwenye utepe na kuubandika kwenye chupa, limeandikwa. Hata kama umekosea. Kwa sababu jina hilo limeshaingia kwenye daftari kubwa, na chupa zote zitakazozaliwa na hiyo zitalibeba, na ukibadilisha moja, hakuna atakayejua nani mtoto wa nani.

"Hata kwetu," nikamwambia, "mtu akishaitwa Tabu ndiyo basi."

"Vizuri," akasema. "Umeelewa kuliko yule wa kabla yako."

Miaka ile ya mwanzo tulikuwa tunazunguka kukusanya ukoga. Tulikwenda kwenye mashamba ya chumvi, kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma ambako tope linakuvua kiatu na halikurudishii, kwenye madimbwi ya nyuma ya kijiji cha Ziwani. Watu wakituuliza tunatafuta nini, Bwana Anselmo anajibu kwa ukweli wake: mafuta. Sasa huku kwetu, ukisema mafuta watu wanageukia baharini kuangalia mitambo ya gesi kule Mnazi Bay. Wanatuona sisi wawili, ndoo moja na kijiko cha chai. Mzee mmoja alitupa pole.

Kitu kimoja kiliniuma, nakisema. Ukoga wetu tulikuwa tunauotesha kwenye visahani vyenye kitu kama jeli. Nikauliza jeli hii inapikwa na nini. Bwana Anselmo akasema, inatokana na mwani, Dona, wa baharini, ndugu wa ule uliokuwa ukiulima. Mgongo wangu wote ule, kumbe nilikuwa naulimia ukoga godoro.

Halafu akaja Dokta Adela, na mambo yakabadilika.

Dokta Adela ni mtu wa Bukoba, mdogo wa umbo, anaongea haraka na anakula ndizi tu, muhogo wetu aliuogopa mwaka mzima. Alikuja na sanduku la barafu na mashine ndogo yenye kitufe chekundu. Akatukusanya mimi na Bwana Anselmo, akasema kukusanya kumetosha. Ukoga unaokua upesi hauna mafuta, na wenye mafuta unakua kwa uvivu. Kwa hiyo yeye atachukua kitu kutoka kwa huyu mwenye mafuta, akiingize ndani ya huyu mwenye mbio.

"Tunaingiza jeni," akasema.

Mimi nilisikia jini.

Msinicheke. Masikio yangu yamezaliwa huku. Huku kila mtu anajua jini ni nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaja jeni. Mtu anakwambia kuna kitu kidogo kisichoonekana, kinatolewa kwa kiumbe mmoja kinaingizwa kwa mwingine, na kikishaingia kinamfanya atende asiyoyatenda. Wewe ungesikia nini? Na sikuogopa. Nilijisikia mkubwa. Nikasema moyoni, haya, tumetoka kwenye ukoga, sasa tuna kazi yenye maana.

Kazi ilikwenda hivi. Dokta aliuchanganya ukoga na hicho kitu chake kwenye kichupa kama kidole, akakiweka kwenye ile mashine, akabonyeza kitufe. Tap. Shoti ya umeme. Alisema shoti inatoboa ngozi ya ukoga kwa nukta moja, na hapo ndipo kinapoingia. Kisha akaumwaga kwenye visahani vyenye dawa kali. Ulioingiwa utaishi, usioingiwa utakufa. Tukangoja wiki tatu. Visahani vyote vikawa vyeupe, vimekufa, isipokuwa vidoa saba vya kijani. Tukavihamishia kwenye chupa saba. Sita zikafa moja moja. Ya saba ikakua, na Dokta alipoitia rangi yake na kuitazama kwenye hadubini alikaa chini sakafuni. Matone ya mafuta, manono, kila mahali.

"Bibi Somoe," akasema, "andika lebo. Wewe umeziosha, wewe uandike."

Hiyo ilikuwa lebo yangu ya kwanza. Shuleni niliishia darasa la pili. Nilichukua kalamu nyeusi, nikaandika kwa utulivu herufi kubwa: JINI 7. Nikabandika. Dokta alikuwa ameshageukia hadubini yake, na Bwana Anselmo alinakili kwenye daftari kubwa kama ilivyo, maana yeye Kiswahili chake alikiandika kwa kunakili.

Jioni ile nilipita bombani. Rafiki yangu Mwanahawa alikuwa pale na ndoo zake. Mwanahawa tumekua pamoja, siri ukimpa anaitunza mpaka amalize kujaza ndoo ya pili.

"Mbona unatembea kama umemeza bendera?" akaniuliza.

"Kazini leo tumefaulu," nikamwambia. "Tumeingiza jini kwenye ukoga."

"Mmefanya nini?"

"Jini. Limetolewa kwa mwingine. Tumelipiga shoti ndipo likaingia. Walioingiwa wamebaki hai, wasioingiwa wamekufa wote. Sasa tunalo kwenye chupa, na linazaana."

Nataka mtambue jambo moja. Kila nilichokisema pale bombani kilikuwa sahihi. Dokta mwenyewe asingepata cha kusahihisha ila irabu moja.

Siku tatu hazikupita. Kuku wa jirani akafa, jini. Mtoto akapata homa, jini. Jenereta letu lilipowashwa likapiga kelele, Mwanahawa akauliza watu: mnasikia linavyoitwa? Jeni-reta. Lina lake. Wavuvi wakarudi na nyavu tupu, wakasema maji ya kituo yanamwagwa baharini. Uongo huo. Kibali kilibandikwa ukutani, tone halitoki, na maji yote ya chupa nilikuwa nayaua mimi kwa klorini na preshakuka kabla ya kuyamwaga shimoni. Lakini nani anisikilize?

Ijumaa mtendaji wa kijiji akaleta barua. Kiwanja cha kituo ni cha kijiji. Wananchi wanataka kiwanja chao. Tumepewa wiki mbili, tuondoke na jini letu.

Dokta aliisoma barua mara ya kwanza, akacheka. Mara ya pili hakucheka. Chupa ya saba ilikuwa moja tu. Akiba yake ya kisahani ilikuwa imeota ukungu wiki ileile. Kuisafirisha Dar es Salaam ingekuwa kuiua njiani, na kituo kikifungwa, kazi yake ya miaka imekwisha kwenye shimo langu la klorini. Yangu pia, na ya Bwana Anselmo.

"Jini limetoka wapi?" akauliza. "Nani amesema jini?"

Bwana Anselmo alianza kuhesabu taratibu. Mimi nikauliza, "Dokta, kwani lile tuliloingiza siyo jini?"

Akanitazama. Akachukua chaki, akaandika ubaoni J, E, N, I.

"Jeni, Bibi. Ni ile inayomfanya mtoto achukue pua ya baba yake."

"E," nikasema.

"E," akasema.

Nimewahi kuvunja chupa kubwa mbele ya wageni wa wizara. Haikuuma kama hiyo E.

Nilikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Nikasimama, nikasema kosa ni langu, siyo jini, ni jeni, ni ile ya pua ya baba. Mwanahawa akasimama.

"We Somoe. Bombani ulisema jini. Mimi nina masikio. Leo wamekukalisha, wamekufundisha la kusema, umekuja na jeni. Kesho utasema juni."

"Mwanahawa, shoga, nilikosea."

"Ulikosea vipi wakati ulikuwa na furaha?"

Watu walicheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha upande wetu. Mwisho wakakubaliana jambo moja: Maalim Shaweji aende akaone. Maalim akisema si jini, kituo kitabaki. Akisema ni jini, hawangoji wiki mbili.

Maalim Shaweji alikuwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. Amenifundisha mimi, Mwanahawa, na nusu ya waliokuwa wamekaa pale. Akasema atakuja Jumatatu asubuhi, atasoma, na atakuja na chetezo cha ubani na marashi ya kunyunyiza.

Niliporudi na habari hiyo, Bwana Anselmo aliketi.

"Moshi," akasema. "Kwenye chumba changu. Dona, moshi ukiingia na vumbi lake, ile chupa wiki ijayo ni supu ya ukungu."

"Na asipoingia, tumefungwa."

"Chetezo kikipita mlango ule, mimi narudi ng'ambo kwa miguu."

"Mto umejaa."

"Nitaogelea."

Jumatatu Maalim alifika na kanzu nyeupe, chetezo kinafuka, watu wamejaa getini hadi barabarani. Mwanahawa mbele kabisa. Mimi nilisimama mlangoni. Mlango ule nilikuwa nimeulinda dhidi ya wakubwa wa mkoa, lakini kumzuia aliyenifundisha alifu, hilo sikuwahi.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba, Somoe. Nipishe."

"Maalim, humu ndani tuna masharti."

"Sema."

"Viatu vinavuliwa."

Akavua. "Hilo linajulikana."

"Unanawa mikono mpaka kwenye viwiko."

"Nina udhu."

"Mara tatu, Maalim, kwa sabuni."

Akaniangalia, halafu akamwangalia Dokta nyuma yangu. "Huyu mama wa Bukoba ni Mwislamu?"

"Mkatoliki, Maalim."

"Ajabu," akasema, akakunja mikono ya kanzu akanawa, vizuri kuliko ninyi nyote mnaosoma hapa. Hakuruka hata katikati ya vidole. Bwana Anselmo alisimama anatazama kama mtu aliyepata ndugu aliyepotea.

Mkwamo wa kwanza ulikuja kwenye spiriti. Bwana Anselmo alinyanyua chupa ya kupuliza ampulizie viganja. Maalim akanusa, akavuta mikono nyuma.

"Hii pombe."

"Ni dawa, Maalim."

"Naifahamu harufu yake. Nilikuwa kijana." Nikamletea glavu mpya, akavaa. Tukapita.

Wa pili ni chetezo. Nikamwambia, "Maalim, moshi unatia uchafu ndani ya chupa. Lakini moto upo. Kila chupa tukiifungua, mdomo wake tunaupitisha kwenye moto, na tukiifunga tunaupitisha tena. Tunafanya hivyo kila siku." Nikamwonyesha taa ya spiriti. Akafikiri. Akasema chetezo kibaki barazani, marashi pia, moto ule utatosha. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Anselmo akiacha kuhesabu.

Basi akaingia, kitambaa kimefunika pua na mdomo. "Nitasomaje nimefungwa mdomo?" akauliza.

"Kimoyomoyo, Maalim."

Dokta akamkaribisha kwenye hadubini. Maalim akainama, akafumba jicho moja, akakaa muda mrefu. Aliona vile vidude vya kijani, kila kimoja na tone lake la mafuta lililong'aa manjano.

"Subhanallah," akasema. Kisha akainuka. "Na hilo mliloliingiza liko wapi?"

Dokta Adela ni mtu mkweli, na ukweli wake ndio ulitaka kutuua. "Halionekani, Maalim. Ni dogo mno, hata kwa hadubini hii halionekani."

"Halionekani," Maalim akarudia, polepole. Na hapo ndipo macho yake yalipoangukia kwenye chupa ya saba, kwenye utepe wangu. Akasogea. Akasoma kwa sauti kupitia kitambaa. "Ji. Ni. Saba."

Hata mashine ya kutikisa chupa niliisikia inavyosaga.

"Hii wameandika wao wenyewe," akasema.

"Nimeandika mimi, Maalim," nikamwambia. "Mkono ni wangu. Angalia hiyo N, imelala. Ulikuwa unanichapa kwa sababu ya kulaza herufi."

Aliinamia utepe ule tena. Akaniuliza, safari hii taratibu, "Dokta alikwambia uandike nini?"

"Alisema jeni. Nikasikia jini, nikaandika jini. Kwenye kichwa changu yalikuwa neno moja."

"Hebu yaandike. Kwa herufi nilizokufundisha."

Bwana Anselmo akanipa kipande cha karatasi. Nikaandika jini kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyokuwa tukiandika Kiswahili chetu chuoni: jimu, nuni, na chini ya kila moja kile kimstari cha kasra. Kisha nikataka kuandika jeni. Jimu. Nuni. Chini ya jimu nikaweka kasra, maana hatukuwa na alama nyingine. Mkono ukasimama. Maneno mawili yalikuwa yamekaa pale karatasini, sawasawa, kama mapacha.

Chuoni kasra moja ilibeba i na e. Ukisoma unachagua kwa kujua. Na mtu asiyewahi kuisikia jeni atachagua nini?

Maalim alicheka kwa pua mpaka kitambaa kikapeperuka, na Bwana Anselmo akaifunika chupa kwa mwili wake. "Basi kosa ni langu na la kasra," Maalim akasema. Halafu akawa mzito tena. "Mimi nimeelewa. Lakini wale pale nje hawakunituma nielewe. Wamenituma nisome. Nitasoma, kisha nitasema nilichokiona. Jini lililosomewa halikai siku saba mahali pale. Litatoka, na lilipokaa patakufa. Nikija siku ya saba nikakuta chupa hii imekufa, nitawaambia imekufa. Sitawaficha."

Dokta akasema, "Sawa. Lakini nitaweka mbili." Akaleta chupa nyingine ya ukoga wa kawaida, usioingiwa na kitu, akatupa mgongo, akazifunika lebo zote kwa karatasi na kuzibadilisha nafasi. "Usome zote bila kujua ipi ni ipi. Zikifa zote, ni umeme au ni sisi. Ikifa moja, tutazungumza."

Maalim akamwangalia kwa heshima mpya. "Huyu mama," akaniambia, "angekuwa kadhi mzuri." Akasoma zote mbili, kimoyomoyo, muda uleule kwa kila moja.

Siku ya pili umeme ukakatika.

Mnaijua Mtwara ya miaka ile. Umeme ulikuwa kama mjomba wa mbali. Na jenereta lilikuwa linangoja kipuri. Bila taa na bila kutikiswa, ukoga unazama chini, unajibana, unakufa kwa kukosa pumzi. Kuutoa nje ya jengo kibali hakiruhusu. Kwa hiyo tulizisogeza chupa mbili kwenye dirisha la mashariki. Jua la moja kwa moja lingezipika, nikatundika kanga yangu nyepesi dirishani. Kisha nikakaa kwenye kiti, nikaikumbatia ya kulia kwa mkono huu, ya kushoto kwa mkono huu, nikaanza kutikisa.

Nilitikisa toka jua kuchomoza mpaka lilipotoka dirishani. Dokta akachukua zamu. Bwana Anselmo akachukua. Nikarudi. Nimelea watoto watano na wajukuu tisa, hakuna aliyenichosha mkono kama wale wawili. Na Dokta hakuniambia ipi ni ipi. Alisema nikijua nitaipendelea. Nilikasirika, lakini alikuwa sahihi, ningeipendelea.

Siku ya nne ya kulia ilianza kufifia, kijani chake kikaelekea njano. Dokta aliiona, akatoka nje, nikamsikia anapiga teke ndoo. Sikuuliza. Nilisogeza kanga nusu, jua likaingia zaidi kidogo, nikaitikisa ile ya kulia kwa mwendo wa taratibu kama mtoto anayeumwa tumbo. Siku ya sita umeme ukarudi. Ya kulia ilikuwa imeacha kufifia. Haikunawiri, ila ilikuwa pale.

Siku ya saba Maalim akaja, akanawa bila kuambiwa, akavaa glavu. Getini watu wale wale. Akazinyanyua chupa moja moja kwenye mwanga. Ya kushoto kijani. Ya kulia kijani pia, imekonda, lakini hai, na alipoitikisa ikainuka yote kama vumbi la barabarani.

"Ipi yenye jeni?" akauliza. Akasema jeni, na E yake akaivuta.

Dokta akatoa karatasi. Kwenye ile ya kulia, JINI 7.

"Imesomewa, imekatiwa umeme, imebaki," Maalim akasema. "Jini halina uvumilivu huo."

Akatoka barazani, akawaambia watu hivyo hivyo. Akaongeza kwamba amesoma na kuangalia kwa jicho lake, na kwamba ndani ya jengo lile watu wananawa kuliko baadhi ya wanaokuja msikitini, majina anayo. Getini watu wakaanza kuangalia viganja vyao. Barua ya mtendaji haikurudi tena. Mwanahawa akanisogelea.

"Kwa hiyo ulinidanganya bombani."

"Sikukudanganya. Nilikosea."

"Basi siku nyingine ukifurahi, usinisimulie," akasema, akanibebea mkoba hadi nyumbani kwa sababu mikono yangu ilikuwa haishiki kitu. Lakini jina nilikuwa nimeshabandikwa. Hadi leo sokoni naitwa Mama Jini.

Mafuta mnayataka. Baada ya mavuno ya mwaka mzima tulikamua yakajaa kibatari kimoja. Dokta alikiwasha saa sita mchana, jua kali, mwali wenyewe huuoni, ikabidi kila mtu apitishe kiganja juu yake ili kuhakikisha. Maalim alialikwa. Aliunguza kidole kidogo akasema ni kweli. Gari halijatembea bado. Hilo nawaachia ninyi.

La mwisho. Kuna kijana wenu, sitamtaja, juzi nilipokuja kuchukua kanga yangu alikuwa anabandika lebo mpya kwenye zile chupa kumi na nne ambazo ni wajukuu wa ya saba. Ameandika JENI 7. Akaniambia, Bibi, nimesahihisha kosa la zamani. Nimezibandua zote kumi na nne mbele yake, nikaandika upya kwa mkono wangu, N imelala vilevile. Lebo haifutwi. Kwenye daftari kubwa ni Jini, kwenye sanduku la barafu ambalo baadaye lilipeleka watoto wake nchi za nje ni Jini, na akija mgeni akauliza mbona mmekosea, mwambieni akanawe kwanza, halafu mumweleze.